Barua Iliyosomwa Ubaoni

Siku tulipomzika Mwalimu Gaudensi, mjane wake alinisogelea pale nilipokuwa nimesimama na madereva wangu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Umekuja kuhakikisha kama amekufa kweli?" Nikamjibu, "Ndiyo." Waliokuwa karibu wakainamisha vichwa. Wengine walidhani ni utani wa msibani, maana kwetu Ufipa watani wapo na msibani ndiko wanakofanyia kazi yao. Haukuwa utani. Nilikuwa nimeleta lori zima la kuni, magunia manne ya unga uliosagwa kwenye mashine yangu mwenyewe, na turubai lililowakinga waombolezaji wote na mvua, na bado sikuwa nimemsamehe marehemu, wala mjane wake hakuwa amenisamehe mimi. Anaitwa Apolonia. Hapa nasimulia mwaka mmoja tu, ule wa kuhamia vijijini, na nausimulia kwa mdomo wangu kwa sababu watu wa Sumbawanga wameusimulia vya kutosha kwa niaba yangu, na kila wakiusimulia mimi ndiye mjinga.

Wanaonijua leo wananijua kwa mashine tatu za kusaga na malori mawili yanayokwenda mpaka Tunduma. Sikurithi hata msumari. Shule niliishia darasa la tatu, na watu wenye vyeti vyao vya kidato cha nne wanakaa kwenye benchi nje ya mlango wangu wakisubiri niwaite. Hilo sitaki mtu alisahau anaposoma yanayofuata. Mwaka ule, hata hivyo, nilikuwa utingo. Malori yote ya mkoa yalikuwa na kazi mbili, kuhamisha watu na kuhamisha mahindi yao, na utingo ndiye aliyepakia vyote viwili, akashusha vyote viwili, akalala juu ya vyote viwili. Dereva wangu aliitwa Asegelile, Mnyakyusa wa Mbeya mwenye kitambi na koti la sufu, mtu aliyeamini kwamba upepo wa Ufipa uliumbwa ili kumtesa yeye. Aliniita "wewe." Miezi saba nilifanya naye kazi kabla hajauliza jina langu, na alipouliza ilikuwa ni kwa ajili ya kulitaja kwa karani wa ghala kwamba nimepoteza turubai, wakati aliyelipoteza ni yeye.

Tulikwama kwenye tope katika kijiji kimoja kipya juu ya uwanda, nyumba zimepangwa mistari kama askari, hakuna mti hata mmoja wa kuzuia upepo. Tulipokelewa kwenye nyumba ya kwanza ya mstari. Mama mwenye nyumba alichuchumaa mbele ya Asegelile akapiga makofi yale ya polepole ya heshima, akamwingiza sebuleni kwenye kiti chenye mgongo. Mimi nilionyeshwa jikoni kwa kidole. Lile jiko ninaweza kulichora hata sasa. Kuta zilikuwa mbichi bado, zinanuka udongo, mafiga matatu, juu kwenye dari ya fito mahindi ya mbegu yananing'inia yamekuwa meusi kwa moshi, na ndani ya ungo kulikuwa na dagaa wa kijiji cha Wampembe waliopandishwa kutoka ziwani kwa mabega ya watu. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Kwa vile lori lilitoka Mbeya na dereva alikuwa wa Mbeya, walifikiri na mimi ni wa huko, wakaendelea na Kifipa chao kama vile nilikuwa mzigo.

"Huyu mpe ugali wa jana," alisema binti aliyekuwa akichochea moto. "Mikono yote grisi. Hata hatausikia utamu."

"Nyamaza, ni mgeni," mama yake akasema.

"Mgeni wa lori. Mwenzake mwenyewe hakumkumbuka hata kwa kiti. Na tazama anavyowatazama dagaa. Atamaliza ungo."

"Kijana akifanya kazi anakula."

"Akila hivi, ndiyo maana lori limezama."

Nikasema, kwa Kifipa cha mama yangu, "Ugali wa jana ninaula, ila upashe moto."

Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta. Binti hakucheka. Aliacha kuni, akanigeukia. "Kumbe ni wetu. Na umekaa kimya unatusikiliza kama mpelelezi." Akanipashia ugali ule ule wa jana, wa ulezi, akauweka mbele yangu na maharage na dagaa watatu. Niliwahesabu: watatu. Nimekula kwenye hoteli za Dar es Salaam, nimekula na wakuu wa wilaya, na sijawahi kukasirishwa na sahani kama nilivyokasirishwa na ile, wala sijawahi kuimaliza nyingine kwa furaha kama ile.

Kesho yake, wanaume wa kijiji walipokuwa wakichimbua magurudumu, nilimkuta Apolonia, binti yule wa jikoni, akipasua kuni nyuma ya nyumba. Nikamwambia nitamwandikia barua. Wakati ule kijana wa lori alikuwa na njia hiyo moja tu. Nikiondoka pale pengine miezi miwili ingepita kabla sijapangiwa njia ile tena, na msichana wa umri wake asingekaa miezi miwili bila wanaume kumjia baba yake.

"Andika," akasema. "Nitawashia moto."

"Kwa nini?"

"Sijui kusoma. Karatasi itanifaa nini kingine?"

"Si mna kisomo hapa? Nimeuona ubao pale bandani."

"Kisomo ni cha wazee wenye miwani na akina mama wanaotaka kujua bei."

"Nenda. Ukijua kusoma tutaongea mimi na wewe hata nikiwa Mbeya, bila mama yako kusimama nyuma ya mlango." Mama yake alikuwa kweli nyuma ya mlango. Tukasikia akikohoa.

"Wewe umefika darasa la ngapi?"

"La saba."

Alinitazama, akalitazama lori. "La saba, halafu unaweka magogo chini ya tairi. Basi nisome ya nini?" Lakini hakuondoka. Alipasua kuni nyingine mbili, kisha akauliza barua ingechukua siku ngapi kutoka mjini. Watu wazima wenzangu mtanielewa. Swali hilo nililibeba mpaka Sumbawanga kama mtu anayebeba yai.

Nililala wakati ule kwenye chumba nyuma ya ghala la mahindi, chumba kisicho na dirisha, kitanda changu ni magunia sita matupu, vumbi la mahindi linaingia mpaka kwenye meno. Humo ndimo nilimoandika. Siku nne nilitoka kazini nikakaa mlangoni na karatasi juu ya debe, kwa maana herufi zangu hazikuwa na mwendo. Ningeandika ukweli, ungeenea kwenye mistari miwili. Uongo ndio uliojaza ukurasa. Niliandika kwamba mimi ni dereva. Niliandika kwamba nina chumba cha saruji chenye kitanda cha chuma. Na kwa sababu alikuwa amemwona Asegelile kwenye usukani kwa macho yake, niliandika kwamba Asegelile ni msaidizi wangu, nilikuwa nampumzisha kwa kumwachia usukani siku ile. Mwisho nikamwambia ninampenda, ajitahidi kwenye kisomo, asiache kunijibu. Nikaipeleka posta nikijiona mwanamume.

Nisichokijua ni jinsi Mwalimu Gaudensi alivyofundisha. Alikuwa kijana kama mimi, mwembamba, suruali moja, amemaliza la saba la kweli, amepewa darasa la watu wazima. Vitabu vilivyoletwa havikutosha, basi akaweka utaratibu wake: barua yoyote ikimjia mtu wa darasa lake, inaandikwa ubaoni, inasomwa na wote. Alidai kwamba mtu mzima hajifunzi kwa maneno ya kuku na jembe. Anajifunza haraka akisoma jambo la mtu anayemjua. Mpaka leo kuna watu wanamsifu kwa hilo, na siku ya mazishi yake mzee mmoja alisimama akalisifu kwenye kipaza sauti. Mimi nilikohoa.

Tulirudi kijijini baada ya wiki saba. Asegelile aliegesha lori penye ghala la kijiji, mimi nikateremka na kilo ya sukari niliyoipangia foleni tangu alfajiri, mwaka ambao sukari ilikuwa haionekani. Ilikuwa mchana, watu wametoka mashambani. Nikaambiwa Apolonia yuko kisomoni, na nakiri moyo ulinijaa: nilimwambia ajifunze, amejifunza. Nikalikaribia banda kwa upande wa dirisha. Sauti za akina mama zilikuwa zinasoma kwa pamoja, pole pole, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mi-mi. Ni. De-re-va."

"Tena," ikasema sauti ya mwanamume.

"Mimi ni dereva."

Nikachungulia. Walikuwa kama thelathini, wamekaa juu ya matofali. Ubao umejaa barua yangu. Na aliyesimama mbele ameshika fimbo, akionyesha neno baada ya neno, alikuwa Apolonia.

"A-se-ge-li-le. Ni. M-sa-i-di-zi. Wa-ngu."

"Asegelile ndiye nani?" bibi mmoja wa mbele akauliza.

"Yule mwenye kitambi."

"Yule mzee? Ndiye msaidizi? Na yule aliyekuwa akikimbia na gogo chini ya tairi ndiye nani?"

"Ndiye bosi," mwingine akajibu, na banda zima likaanguka kwa kicheko. Fimbo ya Apolonia ilibaki palepale ubaoni, juu ya jina la Asegelile. Hakuwa akicheka. Masikio yake yalikuwa yanawaka kama ya mtu aliyepigwa kofi.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi niliingia. Gaudensi alinitazama, na nitaapa popote kwamba alifurahi. "Tumebahatika, ndugu zangu. Mwandishi mwenyewe amefika. Karibu, ndugu, keti."

"Futa," nikasema.

"Somo halijaisha."

"Futa, au nitakufuta wewe."

"Mwacheni dereva aketi," bibi yule akasema. "Amechoka kuendesha."

Nilimshika Gaudensi shingoni. Alikuwa mwepesi kama mwanamke aliyetoka kuugua, na hakupigana. Alisimama tu akanitazama, jambo lililonikasirisha zaidi. Apolonia ndiye aliyemaliza. Alichukua kitambaa, akafuta ubao mzima, kuanzia juu mpaka chini, kisha akatoka nje, nami nikamwacha mwalimu nikamfuata.

"Nani alimpa barua yangu?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Ndio utaratibu. Ya jirani yetu ilikuwa ya msiba, tuliisoma wote, tukalia wote. Nilidhani yako ni ya salamu."

"Yeye aliisoma kwanza. Alijua kilichomo."

"Na wewe ulijua kilichomo ulipoiandika," akasema. "Umenisimamisha mbele ya mama yangu na majirani nisome uongo kwa kidole changu mwenyewe. Kama hujui kuendesha, andika hujui kuendesha. Nani alikuuliza kitanda cha chuma?"

Nilichokuwa nacho ni kichwa kigumu, ambacho ndicho kilichoninunulia mashine tatu. Nikampa ile sukari, nikamwambia, "Basi niandikie wewe. Ukishajua, niandikie. Hata matusi. Andika matusi, nitayasoma." Aliipokea sukari, akaenda zake. Nilihesabu kwamba amekubali.

Habari zilimfikia Asegelile kabla sijalifikia lori. Alikuwa amekaa kwenye usukani, amefunga koti mpaka shingoni. "Shikamoo, bosi," akaniambia, mzee anayeweza kunizaa. "Naomba ruhusa msaidizi wako awashe gari." Njia nzima mpaka mjini alinilaza juu ya magunia kwenye ule upepo wa mwezi wa saba, na kila tuliposimama alitangaza kwa watu kwamba huyu juu ndiye mwenye lori. Aliniita bosi mwaka mzima uliobaki. Pale ghalani karani naye akalidaka. Kila Ijumaa nilikwenda kuulizia barua kwenye dirisha lake, naye bila kuinua macho alijibu, "Bosi, hakuna." Agosti hakuna. Septemba hakuna. Leo nikimkuta mtu anasubiri jibu langu ofisini kwangu huwa simwambii aje kesho. Namwambia hapohapo ndiyo au hapana, na wengi wananiona mkali.

Oktoba tulishuka bonde la Rukwa kuchukua mzigo, na tulipokuwa Ilemba homa ikamshika Asegelile mpaka meno yakagongana. Mzigo ulikuwa unasubiriwa mjini. Nilikuwa nimemtazama miguu yake kwa zaidi ya mwaka, nikajua kila kanyagio. Nikamlaza pembeni, nikawasha, nikalipandisha lile lori lenye tani saba kutoka bondeni mpaka juu uwandani, kona baada ya kona, mtu ambaye hajawahi kushika usukani ila kuufuta vumbi. Hakuna aliyenifundisha. Tulipofika juu Asegelile alifumbua jicho moja, akasema, "Gia unaziumiza," akalala tena. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na siku iliyofuata niliomba kufanyiwa mtihani wa leseni.

Barua ikaja mvua zilipoanza. Karani aliitupa juu ya meza bila neno. Nilikwenda nayo chumbani, nikafunga mlango, kisha nikafungua kidogo nipate mwanga. Iliandikwa kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Naikumbuka yote, haikuwa ndefu. "Kwako dereva. Hii ni barua yangu ya kwanza. Haikupita ubaoni. Ulisema nijifunze, nimejifunza. Mwalimu ameleta jembe nyumbani. Baba hajalipokea na hajalirudisha, ananiuliza mimi. Sasa wewe andika ukweli, nami nitasoma mwenyewe. Andika upesi."

Kwetu jembe likiletwa nyumbani kwa binti, si la kulimia. Likipokelewa, posa imepokelewa. Likikaa mlangoni, maana yake binti bado hajasema. Alikuwa ameliacha mlangoni kwa ajili yangu.

Nimeulizwa na mke wangu, ambaye anayajua haya yote na hayamsumbui, kwa nini sikuandika. Nilikaa na karatasi juu ya debe siku nyingi kuliko zile nne za kwanza. Ukweli ulikuwa tayari: mimi ni utingo, ninalala juu ya magunia, nilidanganya, nakutaka. Mistari miwili. Lakini barua za kijiji kile zote zilichukuliwa posta na Gaudensi mwenyewe, na kila nilipoandika neno nilisikia akina mama thelathini wakilisoma. Ni-na-la-la. Ju-u. Ya. Ma-gu-ni-a. Mkono ukakataa. Nikajiambia jibu bora kuliko barua ni leseni. Nitaipata, nitafika pale nimekaa upande wa usukani, na hakutakuwa na haja ya maneno. Mvua nazo zikatupangia njia ya Wampembe, ambako lori lilizama siku tatu kwa kila siku moja ya mwendo. Nikasema hakika ataelewa. Nilimwamini sana kwa mtu niliyeongea naye mara tatu.

Leseni niliipata masika yalipokuwa yanaisha. Siku ya kwanza niliyopewa lori peke yangu nililigeuza kuelekea kijiji kile, kinyume na maagizo. Nikasimama mbele ya nyumba ya kwanza ya mstari, nikapiga honi. Mama yake akatoka, akanitazama pale juu kwenye usukani, hakuchuchumaa, hakupiga makofi. Alinyoosha mkono kuelekea nyumba ndogo ya mwalimu, kando ya banda la kisomo.

Apolonia alikuwa mlangoni akipepeta ulezi, amejifunga kitambaa kichwani kama mke wa mtu. Nikampa leseni. Nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akaisoma yote kwa sauti, jina langu, tarehe, mhuri, bila kukwama mahali. Akanirudishia.

"Na barua?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Sikukuambia uje. Nilikuambia uandike."

"Angeisoma yeye. Angeipeleka ubaoni."

"Yangu aliipeleka posta yeye, imefungwa. Alijua inakwenda kwa nani." Akaokota ungo. "Kila mtu akitoka mjini nilimwambia baba, ngoja, kuna barua. Wiki ya kwanza akangoja. Wiki ya sita akaacha kuniuliza, akaliingiza jembe ndani."

Gaudensi akatokea nyuma ya nyumba, suruali yake ile ile, mikono ina chaki. Nilitamani aseme neno moja la dhihaka nipate kumpiga. Alisema, "Karibu chakula." Kukataa kungekuwa kumpa ushindi wa pili. Nikaingia. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda cha kamba, rafu ya daftari za darasa, moshi. Nikanawa, nikakaa mkekani mkabala naye, tukala sahani moja bila kutazamana, ugali mpya wa moto na mboga za maboga. Nilikula mpaka wa mwisho, tonge kwa tonge naye, kwa sababu sikutaka iwahi kusemwa kwamba nilisusa. Nje nilisikia akina mama wakipita kwenda kisomoni, mmoja akiuliza lori ni la nani, mwingine akijibu kwamba ni la yule wa barua, na safari hii ni kweli anaendesha. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ningeondoka pale nikiwa mtu mwenye hasira tu.

Apolonia alinisindikiza mpaka kwenye lori, hatua mbili nyuma yangu, kama inavyotakiwa kwa mgeni wa mumewe. Nilipanda, nikafunga mlango. Akasimama chini ya dirisha, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

"Ukifika mjini," akasema, "usiandike."

Katika yote aliyoniambia yule mwanamke, hilo peke yake nililitii.